Makali ya Kioo Siyo Ukweli wa Uso

Imeingia imani hapa Mchafukoge, na ng'ambo ya Mnazi Mmoja huko Kariakoo, kwamba picha njema ni ile inayokuwezesha kuhesabu vinyweleo vya mtu. Kwa imani hiyo, lenzi ya zamani yenye mwili wa shaba, iliyofungwa mbele ya kamera kubwa ya miguu mitatu, ni chuma chakavu tu. Napinga. Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1840 Joseph Petzval, profesa wa hisabati huko Vienna, alikokotoa lenzi ya kupigia picha za watu. Shabaha yake ilikuwa kupitisha mwanga mwingi, ili anayepigwa picha asikalishwe kama gogo kwa dakika nzima nzima. Lenzi hiyo huonyesha katikati kwa uwazi, na pembeni hufifia. Baadaye kufifia huko kukaitwa kasoro, na mwaka 1902 kampuni ya Zeiss ikatoa Tessar, iliyo safi hadi pembeni. Kwa kunakili ramani, hata mimi ningechagua Tessar. Lakini uso wa bibi siyo hati ya kiwanja! Jicho la binadamu lenyewe huona vema katikati tu, kandokando hukisia.

Wapo watakaosema kwamba kulainisha ni kudanganya. Basi wanijibu: jua la saa saba mchana linapompiga mzee mwenye ngozi nyeusi kama yetu, naye amevaa kanzu nyeupe, kipi kinadanganya? Lenzi mpya, yenye utando wa kuzuia mng'ao, hutunza tofauti yote baina ya kanzu na uso. Picha ikishindwa kuibeba, uso hubaki doa jeusi. Lenzi ya kale isiyo na utando hutawanya mwanga kidogo ndani yake, na mwanga huo hufunua vivuli. Mzee hurudishiwa macho yake. Je, huo ni uongo? La hasha!

Wala siwatetei wanaonunua jina. Lenzi haichaguliwi kwa umaarufu wa mtengenezaji. Ielekeze kwenye mwanga: mikwaruzo michache haidhuru, lakini kuvu, ambayo unyevu wa pwani yetu huilea, hula kioo. Itazame kwenye kioo cha nyuma cha kamera: je, inaifunika filamu yako ya inchi 4 kwa 5 pembe zote? Ina tundu linalobanika? Ukilibana, picha hukaza, ukiliachia, hulainika, umepata lenzi mbili kwa bei ya moja. Nyingi hazina shata, na kifuniko cha mkononi ndicho shata. Basi zinataka kivuli, filamu ya polepole na mtu aliyetulia.

Wapiga picha wa Zanzibar, akina Gomes na Coutinho mwishoni mwa karne ya 19, na Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, walitumia vioo vya zama zao, na nyuso walizotuachia bado zinatusemesha. Picha itakayotundikwa sebuleni baada ya matanga huenda ikawa sura pekee ya babu kwa wajukuu wasiomwona. Kioo cha kazi hiyo na kichaguliwe na anayeujua uso huo, si na muuza vyuma.