Kipimo cha Kutangulia Mimba

Wakurya wa Mara wana desturi ya nyumba ntobhu: mwanamke asiyejaliwa mtoto huoa mwanamke mwenzake ili boma lipate mrithi. Katika mkoa unaothamini uzao kiasi hicho, si ajabu ng'ombe wakauzwa kugharamia safari ya Dar es Salaam kupandikizwa mimba. Mimba ikishika, mama wa Musoma au Bunda huweza kushauriwa kipimo kingine: kuanzia wiki ya 10 huchotwa damu yake kidogo, vikatafutwa humo vipande vya vinasaba vitokavyo kwenye kondo la nyuma, ili kubashiri kama mtoto ana hali ya Down au hitilafu nyingine za kromosomu. Kipimo chenyewe sikipingi. Napinga kuuzwa kama hakikisho, tena kwa wanandoa ambao hata selimundu hawajapimwa.

Kinasifiwa kwa haki: hunasa karibu mimba 99 kati ya 100 zenye Down, na hukosea takriban mara moja katika 1,000 zisizo nayo. Lakini kwa mwanamke wa miaka 25, Down humpata kama mtoto mmoja kati ya 1,250. Wapime wajawazito 10,000 wa umri huo: utapata majibu 8 ya kweli na 10 ya uongo. Kwenye miaka 40, ambako hatari hufika mmoja kati ya 100, jibu lina uzito mwingine kabisa. Na kama yai ni la kupewa, umri unaohesabiwa ni wa mwenye yai, si wa mbeba mimba. Fomu ya kipimo ikijazwa kizembe, hesabu yote imeharibika. Tena vikipandikizwa viinitete viwili na kimoja kikafa mapema, vinasaba vyake huendelea kuzunguka kwenye damu ya mama na kumsingizia aliye hai. Ndiyo maana jibu baya halina budi kuthibitishwa kwa kuchota maji ya uzazi.

Selimundu ni habari nyingine. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yaliyoelemewa zaidi. Kipimo cha kawaida cha kromosomu hakiugusi. Wazazi wote wawili wakibeba kinasaba chake, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuurithi ugonjwa, na kuwatambua ni kazi ya kipimo chepesi cha damu.

Wapo watakaosema aliyetumia mamilioni ana haki ya kujua, hasa kwa kuwa karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na mama angejipanga kujifungulia karibu na Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Hoja nzito hiyo. Ila moyo wenyewe huonekana kwa ultrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22, akiwepo mtaalamu wa kuusoma. Fedha zianzie hapo. Na kabla ya hapo, hospitali za Musoma, Bunda na Butiama zinazoandika rufaa ziambatanishe majibu ya selimundu ya mume na mke kabla hawajapanda basi.