Dolly alimnyima Elvis, nyie mnauza bei ya karanga!

Leo naomba niwaudhi kidogo. Ule wimbo wa Whitney Houston ambao bwana na bibi harusi hufungulia muziki ukumbini, wameshikana viuno, mama mkwe anafuta machozi, si wimbo wa kuoana. Ni wa kuagana. Tena aliyeutunga hakuwa akimuaga mume wala hawara, alikuwa anaacha kazi!

Mwenyewe ni Dolly Parton, yule mama wa Kimarekani mwenye mawigi marefu na kifua ambacho... basi, hayo tuyaache, gazeti hili linasomwa na watoto. Kazaliwa 19 Januari 1946 milimani huko Tennessee, mtoto wa nne kati ya 12. Nyumbani walikuwa hoi: daktari aliyemzalisha mama yake alilipwa gunia la unga wa mahindi. Baba hajui kusoma wala kuandika. Koti la shule mama alimshonea kwa viraka, wenzake wakamcheka. Mwaka 1971 koti lile lile likatoka kwenye santuri, Coat of Many Colors, na waliocheka hatujui waliko.

Mwaka 1964 kamaliza sekondari, kesho yake huyoo Nashville, kwenye makao makuu ya muziki wa kantri. Siku hiyo hiyo ya kwanza akakutana na Carl Dean nje ya dobi. Wakaoana 1966, wakaishi pamoja hadi bwana alipofariki Machi 2025. Hata ule Jolene wa 1973 ulitokana na karani wa benki, dada wa nywele nyekundu, aliyekuwa akimchekeachekea Carl kila akienda kaunta. Mimi ningehamisha akaunti. Yeye katunga wimbo!

Haya, turudi kwenye kuacha kazi. Mwaka 1967 Dolly alichukuliwa na Porter Wagoner, mwimbaji mwenye kipindi chake cha televisheni. Baada ya miaka kadhaa binti akataka kusimama mwenyewe, bosi hataki hata kusikia. Kila siku kelele. Alipoona maneno matupu hayamwingii mzee, akaandika I Will Always Love You, akaenda ofisini akamwimbia. Dolly husimulia kwamba Porter alilia, akamruhusu aende. Wimbo ukatoka 1974, ukashika namba moja kwenye chati za kantri.

Elvis Presley akautamani. Dolly roho juu, kila rafiki kaambiwa. Siku zikakaribia za kurekodi, meneja wa Elvis, Colonel Tom Parker, akapiga simu: Elvis haimbi mpaka nusu ya haki za wimbo ziwe upande wetu. Elvis huyo jamani, Mfalme! Dolly akakataa. Kisha akalia usiku kucha.

Mwishoni mwa 1992 Whitney akauimba kwenye filamu ya The Bodyguard, ukakaa namba moja Marekani wiki 14, na fedha za utunzi zikaingia kwa Dolly.

Namjua mpiga gitaa mmoja wa hapa mjini aliyemuuzia mwenye duka la kaseti nyimbo zake zote kwa hela ya mkupuo, hakuna hata karatasi. Leo anazisikia baa ya jirani, yeye hana hata ya soda. Nilipomsimulia ya Dolly akaniambia, "Kaka, Dolly alikuwa hadaiwi kodi ya nyumba." Nikanyamaza. Ni kweli, wakati anamkatalia Elvis tayari alikuwa na santuri zinazouzika. Ila karatasi, jamani, hata ya daftari!

Porter naye hasira hazikumwisha. Mwaka 1979 alimburuza Dolly mahakamani akidai dola milioni 3, wakamalizana nje ya mahakama. Mwaka 2007 Porter alipokuwa mahututi, Dolly alikwenda kukaa naye kitandani.