Acheni Kuziita Sura Zetu Chapter

Nina ugomvi na neno moja. Neno lenyewe ni "Chapter". Likiwa kwenye kitabu cha Kiingereza sina neno nalo, huko ni kwao. Linaloniudhi ni kulikuta limekaa juu ya hadithi ya Kiswahili, herufi kubwa kabisa, huku mwandishi, mhariri na mpiga chapa wamepita hapo bila kusema kitu.

Mimi hupanga kurasa za vitabu. Kazi yangu iko River Road, ghorofa ya tatu, chumba kimoja ambacho nagawana na jamaa wa kadi za harusi na mama anayechonga mihuri. Najua mnavyotania, ati huku kwetu unaweza kupata digrii kabla chai haijapoa. Sawa, cheka. Lakini mtaa huu una heshima yake kwenye mambo ya vitabu. Meja Mwangi aliuweka kwenye jina la riwaya, Going Down River Road, mwaka wa 1976. Miaka hiyohiyo David Maillu alikuwa hapa Nairobi anajichapishia vitabu kupitia Comb Books, na watu walivinunua kama mahindi choma. Walioandika waliandika kwa Kiingereza, ndiyo, lakini walionyesha kwamba mtu wa kawaida anaweza kutoa kitabu bila kungoja ruhusa ya wakubwa.

Sasa niwaambie kilichonipata. Mwalimu mmoja mstaafu alileta riwaya yake, sura 22. Mwalimu wa Kiswahili, amefundisha miaka zaidi ya thelathini. Alitaka kitabu cha karatasi na pia cha kusomwa kwenye simu. Nikaihamisha kazi yake kwenye XML, kwa sababu ukishaweka alama kwamba hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni tanbihi, faili moja inakutolea vyote viwili. Mitindo ya kurasa nilipewa na mchapishaji fulani, nikaitumia vile ilivyokuja. Nikasoma faili mara mbili, nikatuma. Zikachapwa nakala 200.

Mwalimu alifungua nakala ya kwanza mbele yangu. Akatulia. Akafunua mbele kidogo, akafunua tena. Kisha akaniuliza, polepole, "Kijana wangu, kwani kila sura yangu ina majina mawili?"

Ukurasa ulisema: "Chapter 1. Sura ya Kwanza." Halafu "Chapter 2. Sura ya Pili." Hivyo hivyo mpaka ya 22.

Nilirudi kwenye faili kutafuta hilo neno. Halikuwepo. Hapo ndipo mtego ulipo, na ndiyo maana naandika haya. Neno linalotangulia kichwa kwenye mfumo kama huu haliandikwi na mtu. Mashine ndiyo hulibandika wakati wa kutoa kurasa, pamoja na namba yake. Wewe mwandishi unasoma kazi yako, unaona maneno yako tu, unaridhika. Kile kingine kinaingia mlango wa nyuma dakika ya mwisho.

Kosa lilikuwa langu, sikatai. Ilibidi nichunguze kurasa zenyewe kabla ya kuzituma. Nililipa nusu ya gharama ya kuchapa upya, na ilinichukua miezi mitatu. Lakini aliyetengeneza mitindo ile hakuwahi kujiuliza kama kuna mtu ataandika kwa lugha nyingine. Na sisi tunaoitumia hatukuwahi kumuuliza.

Nikilalamika, naambiwa mambo mawili. La kwanza: ni neno moja tu, nani anajali? Nijibu hivi. Muulize Mkenya yeyote maana ya "Sura ya Sita". Hakuna atakayefikiria riwaya. Atakuambia habari za viongozi na maadili, kwa sababu hilo ndilo jina la sehemu ile ya Katiba ya 2010, na tumelitumia kwenye matatu, kwenye redio na kwenye maandamano. Katiba hiyohiyo, Ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kichwa cha sura kina kazi yake. Ndicho watu hushika wanapotaka kubishana juu ya kilichomo ndani. Mpe Mkenya sura yenye jina la kigeni na umemwambia kwamba maneno ya ndani ni yake lakini mpangilio una wenyewe.

La pili naambiwa na mafundi wenzangu: si ubadilishe tu "Chapter" uweke "Sura"? Wasee, jaribuni muone. Kiingereza kimezoea neno, nafasi, namba, basi. Chapter 1, Table 1, Figure 1. Ukibadilisha neno pekee unapata "Sura 1", na msomaji wa Kiswahili anasoma "sura moja", kama vile kitabu kizima kina sura moja, au mhusika ana uso mmoja. Lugha yetu inataka kiunganishi, na kiunganishi kinafuata ngeli: Sura ya 1, Jedwali la 1, Kielelezo cha 1, Mchoro wa 1. Ukitaja mbili kwa pamoja inakuwa Sura za 1 na 2, Vielelezo vya 1 na 2. Ukitaka namba kwa maneno, mashine itakuletea "Sura ya Moja", ambayo hakuna nyanya yeyote aliyewahi kuitamka. Tunasema ya Kwanza, ya Pili, kisha kutoka ya Tatu tunarudi kwenye hesabu ya kawaida.

Si kazi kubwa. Ni orodha fupi ya maneno na viunganishi vyake, pamoja na kanuni ya namba mbili za mwanzo. Nilipokaa chini kuiandika, mchana mmoja ulitosha. Kinachouma ni kwamba ingeandikwa kabla Mwalimu hajapanda ngazi zetu.

Na msinidanganye kwamba teknolojia haituruhusu. XML ilipitishwa rasmi Februari 1998, na tangu siku hiyo ndani yake kuna sehemu ya kutaja lugha ya maandishi. Kiswahili kina alama yake ya herufi mbili, sw. Unaiandika mwanzoni mwa faili na mitindo iliyoandaliwa vizuri inajua ibandike nini. Mlango uko wazi zaidi ya miaka 25. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisini kwa Kiswahili. Kwa hivyo anayesema haiwezekani amechelewa sana.

Kuna wanaoniambia dawa ni kuandika kila kitu kwa mkono. Kwa riwaya, hapana. Ukiondoa sura ya tano lazima upige namba zote upya, na utasahau moja, huwa tunasahau. Lakini kwa sheria wana hoja. Kifungu kikifutwa, namba za vingine hazipaswi kusogea, kwa sababu mahakama na wananchi wameshazitaja. Akoma Ntoso, mfumo wa XML uliozaliwa kwa ajili ya mabunge ya Afrika na kukubaliwa kama kiwango cha kimataifa mwaka wa 2018, unaliheshimu hilo. Namba ina alama yake, kichwa kina alama yake, na yaliyomo unayaandika mwenyewe kwa lugha yako. Hata jina lake ni la Kiakan, maana yake mioyo iliyounganika. Alama za ndani zina majina ya Kiingereza na hilo halininyimi usingizi, maana msomaji hazioni. Ninachodai ni kile anachokiona.

Kwa hivyo, mwandishi mwenzangu, ukipeleka kazi yako kwa mtu kama mimi, usiridhike na faili. Dai kurasa zenyewe, zile zitakazochapwa, na usome vichwa, yaliyomo, majina ya michoro na kila mahali palipoandikwa "tazama". Mchapishaji, muulize fundi wako mitindo yako inasemaje ikikutana na Kiswahili. Nanyi mafundi, orodha yangu ipo, natoa bure. Njooni ghorofa ya tatu na flashi.

Mwalimu sasa anaandika kitabu cha pili. Wiki jana aliniletea kurasa za mwanzo. Juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika: Sura ya Kwanza. Akapiga mstari chini yake mara mbili.