Lori la Waya Lisitupwe



Mtoto wa Likasi akitimiza miaka 12 au 13, huanza kuambiwa na wakubwa wake neno moja: aache mambo ya kitoto. Basi lile lori la waya alilolihangaikia likizo nzima hutupwa nyuma ya nyumba, wadogo zake hulivunja, na waya wake huishia kufungia uzio. Katika ukurasa huu nataka kulipinga neno hilo. Kwa maoni yangu, umri tunaomwambia mtoto aliache lori lake ndio hasa umri wa kuanza kulijenga kwa uzito. Ila ili lijengwe kwa uzito, kuna jambo moja lazima liongezwe, nalo ni kipimo.

Lori lenyewe mnalijua. Fremu ni ya waya uliokunjwa kwa koleo, bodi ni ya makopo yaliyokatwa na kunyooshwa, magurudumu ni vizibo vya chupa au vipande vya kandambili zilizochakaa, na viungo hukazwa kwa utepe wa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Fimbo ndefu huunganishwa na ekseli ya mbele, juu yake huwekwa usukani, na dereva hutembea nyuma ya gari lake akilipinda kulia na kushoto. Ufundi huu hauko Katanga peke yake. Uko Zambia na Zimbabwe, na kule Malawi magari hayo huitwa galimoto, neno lile lile wanalolitumia kwa gari la kweli.

Sasa tazameni wanavyofanya wengine. Huko Marekani na Ulaya wamo watu wazima, na hata wazee waliostaafu, ambao jioni zao huzitumia kujenga mifano midogo ya malori ya zamani. Hununua kisanduku chenye vipande vya plastiki kutoka kampuni kama AMT ya Marekani au Italeri ya Italia, kila kipande kikiwa kimepunguzwa mara 24 au 25 kutoka ukubwa wake halisi. Lori mojawapo linalopendwa sana ni Peterbilt 359 lenye pua ndefu, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1967 hadi 1987. Wapo wasioridhika na kisanduku kama kilivyo: hurefusha fremu, huongeza chumba cha kulala dereva, huchanganya vipande vya visanduku viwili, na rangi huchagua wenyewe. Ni watu wazima, na jamii zao huwaheshimu kwa uvumilivu wao.

Kwa nini basi kazi hiyo hiyo ikifanywa Panda au Shituru tuiite ya kitoto? Wengine watajibu kwamba wale wana plastiki na rangi, sisi tuna makopo. Jibu hilo halitoshi. Tofauti kubwa ni kwamba mtu wa kisanduku amepimiwa na kiwanda, na kijana wetu hajapimiwa na yeyote. Hutazama lori likipita kwenye barabara ya Lubumbashi kwenda Kolwezi, hulibeba kichwani hadi nyumbani, kisha hulijenga kwa kukumbuka. Jicho lake ni zuri, lakini jicho hutia chumvi. Kichwa cha lori hutoka kikubwa kuliko haki yake, tela hutoka fupi, na magurudumu huwa makubwa kama ya trekta.

Waya nao si mgeni katika nchi hii. Kabla ya reli kufika, na kabla ya mji huu kuitwa Jadotville, mafundi Wayeke wa wakati wa mfalme Msiri, katika karne ya 19, walikuwa wakivuta nyaya za shaba. Walipitisha fimbo ya shaba katika tundu la chuma, wakaivuta, wakaipitisha katika tundu dogo zaidi, wakaivuta tena, mpaka ikawa nyembamba kadiri walivyotaka. Ukubwa wa tundu ndio uliokuwa kipimo chao. Hawakukisia. Mjukuu anayekunja waya leo anaendeleza kazi yenye adabu ya vipimo, hata kama hajaambiwa.

Zipo tabia mbili zinazoudhulumu ufundi huu. Ya kwanza ni dharau niliyokwisha kuitaja. Ya pili ni sifa nyepesi. Mgeni hupita, hupiga picha, husema watoto hawa ni wabunifu mno, kisha huenda zake. Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kuwaandaa walimu, nami huwaambia kila mara kwamba sifa isiyosahihisha humwacha mwanafunzi pale pale alipokuwa. Anayemheshimu kijana kweli atainama, atazame kazi yake, kisha amwulize: “Umbali huu kati ya ekseli na ekseli umeupata wapi?”

Njia ya kupata jibu ni rahisi, na haihitaji fedha. Anza na gurudumu, kwa sababu gurudumu huwezi kulichagulia ukubwa upendavyo. Unatumia ulilo nalo. Kizibo cha chupa kina upana wa karibu sentimita 3. Gurudumu la lori kubwa lina kimo cha karibu mita 1. Kwa hiyo uwiano wako ni 1 kwa 33, na kuanzia hapo kila kitu hugawanywa kwa 33. Kichwa na tela lake vikiwa na urefu wa mita 16.5, mfano wako utakuwa na sentimita 50. Upana wa mita 2.5 utakuwa sentimita 7 na nusu. Kimo cha mita 4 kitakuwa sentimita 12. Ukitumia kopo dogo la nyanya, ambalo ni pana zaidi, uwiano utabadilika na lori zima litakua pamoja nalo. Hesabu ambayo darasani ilionekana ngumu hapa inashikika mkononi.

Kipimo kikiisha kuingia, lori linaanza kutoa siri zake. Chukueni shehena. Watoto wengi hurundika mzigo wa shaba mpaka juu ya bodi. Lakini mita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa karibu tani 9. Tani 30 ni zaidi kidogo ya mita 3 za ujazo, na ukizitandaza juu ya tela lenye urefu wa mita 12 zitafika kimo cha sentimita 12 hivi. Ndiyo sababu lori la shaba linaonekana kama limebeba nusu ya mzigo, kumbe limejaa hadi mwisho wa nguvu zake. Wangapi kati yetu wameyaona malori hayo maisha yao yote bila kujiuliza?

Au chukueni pua. Kwa nini Peterbilt ile ina pua ndefu, na malori mengi yanayopita hapa kwetu yana uso bapa? Zamani sheria za majimbo ya Marekani ziliwekea mpaka urefu wa gari zima pamoja na tela, hivyo watengenezaji walimketisha dereva juu ya injini ili nafasi ibaki kwa mzigo. Sheria ya mwaka 1982 iliondoa mpaka huo katika barabara kuu, na pua ndefu zikatawala. Ulaya waliendelea kupima gari zima, na uso bapa ukabaki. Anayekunja waya kwa makini atafika kwenye swali hili mwenyewe, na akifika hapo ameanza kuona kwamba umbo la kila chombo lina sababu yake.

Najua pingamizi litakalotolewa: mchezo haulishi. Ni kweli, nami siahidi kwamba lori la waya litampa mtu mshahara. Lakini kijana wa miaka 14 ana mchana mrefu, na mchana huo utajazwa na kitu. Katika nchi hii yenye madini tunajua wengine huishia wapi: kwenye mashimo, wakibeba magunia yanayowazidi. Kijana aliyejifunza kupima, kuchora, kukata na kurekebisha anapofika kwa mchomelea vyuma au fundi magari hafiki mikono mitupu.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa kila kikundi cha vijana katika parokia zetu. Likizo ijayo, gaweni watu katika makundi ya wanne wanne, wavulana kwa wasichana. Kila kundi lichague lori moja lililoegeshwa, liombe ruhusa ya dereva, na lilipime kwa utepe. Lori linalotembea lisipimwe, na mtu yeyote asisimame barabarani. Chora kwanza: ubavu, mbele, juu. Kisha kunja waya. Mapambo, majina na rangi vije mwisho, na hapo kila kundi liwe huru kabisa. Siku ya maonyesho, wekeni mchoro kando ya kila lori, ili wazee waone hesabu iliyoleta umbo.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Ni kazi gani ya mikono uliyoiacha kwa sababu uliambiwa ni ya kitoto?
2. Ni nani katika mtaa wako anayejua kupima na kuchora, na mmekwisha kumwomba awafundishe?
3. Mdogo wako akikuonyesha lori lake leo, utamwuliza nini?