Msiniulize king'ora kinalia kwa sauti gani

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, kazi zilinizidi, mnisamehe. Leo naandika kwa sababu ya mjadala wa kwenye kundi letu la familia kuhusu nyumba ya mama pale Tanga. Najua wengi mnaopita hapa si wa ukoo wetu, lakini na nyinyi mna mama, na mama ana nyumba, kwa hiyo yanawahusu pia.

Tangu jirani wa nyumba ya tatu avunjiwe, ndugu zangu wamekubaliana tuchange tumfungie mama alamu ya wezi. Na kwa kuwa kazi inayonilisha huku Uingereza ni hiyohiyo ya kufunga alamu majumbani na madukani, nimeombwa nichague "yenye king'ora kikali kuliko vyote". Mdogo wangu keshaiona moja dukani: haina waya, ina vihisi sita, rimoti mbili, bei ya kutupa. Jamani, mchango wangu nitatoa. Lakini kwa hiyo ya bei ya kutupa sitoi hata senti tano, na leo nataka nieleze sababu zangu mbele ya wote.

Mnaniuliza kitalia kwa sauti gani. Mimi nauliza kitu kingine: mtu akikinyamazisha kabla hakijalia, itakuwaje? Mwizi wa kubahatisha anakimbia akisikia kelele, huyo hata mbwa anamtosha. Anayenitisha ni yule aliyekuja juzi kama fundi bomba au muuza maji, akatazama kisanduku kiko wapi na waya unapita wapi. Huyo anakuja na koleo. Alamu ambayo haijui kwamba inachokonolewa ni pambo la ukutani.

Twende taratibu. Kuna njia mbili za kuunga waya wa alamu. Ya kwanza ni kama kengele ya hodi: waya umeachana muda wote, mlango ukifunguliwa unaungana na kengele inalia. Alamu ya umeme aliyoisajili Augustus Russell Pope kule Marekani mwaka 1853 ilifanya kazi hivyo. Ni rahisi, ila ina ugonjwa mmoja: ukikata waya, haitalia tena milele, na mwenye nyumba atalala usingizi mnono akidhani analindwa. Njia ya pili ni kinyume chake. Umeme kidogo sana unapita kwenye waya muda wote, na kisanduku kinausikiliza. Mlango ukifunguliwa umeme unakatika, kengele inalia. Mwizi akikata waya, umeme unakatika vilevile, kengele inalia vilevile!

Tuliosoma bweni tunamkumbuka mlinzi wa usiku aliyekuwa akigonga kipande cha reli kila saa. Hakuna aliyeamka kwa mlio ule, tulishauzoea. Lakini saa nane ikipita bila mlio, mwalimu wa zamu anavaa viatu. Alamu nzuri imejengwa kwa akili hiyohiyo. Inasema "nipo, nipo, nipo" usiku kucha, na siku ikinyamaza, ule ukimya ndio unaoamsha watu.

Sasa mwizi mjuzi zaidi atasema: sikati, naunganisha nyaya mbili kabla sijafungua mlango, umeme utaendelea kupita. Dawa yake ni rezista mbili ndogo, kila moja kama punje ya mchele. Zikiwa za ohmu 1,000 kila moja, kisanduku kikipima na kukuta 1,000 mambo ni shwari, kikikuta 2,000 mlango umefunguliwa, kikikuta sifuri kuna mtu ameunganisha nyaya, na kisipokuta njia kabisa kuna mtu amekata. Waya uleule unaleta habari nne tofauti. Ila rezista hizo lazima zikae mwisho wa waya, ndani ya kihisi chenyewe. Fundi mvivu huzifunga ndani ya kisanduku kikuu kwa sababu ni rahisi, na hapo waya wote kutoka kwenye kisanduku hadi mlangoni unabaki bila ulinzi. Fundi atakayekuja kwa mama aulizwe swali hilo moja. Akibabaika, aagwe kwa heshima na soda.

Haya, ile isiyo na waya. Si zote mbaya, sisi wenyewe tunazifunga huku kila siku. Lakini zile nzuri kila kihisi kinapiga ripoti kwa kisanduku mara kwa mara, hata kama hakuna kilichotokea. Kisiposikika kwa muda uliopangwa, kisanduku kinatoa taarifa. Nyingi za bei ya kutupa, kihisi kinasema mara moja tu, siku mlango unapofunguliwa. Betri yake ikifa mwezi wa tatu, kisanduku hakijui. Mtu akivuruga mawimbi ya redio, kisanduku hakijui. Ni ile njia ya kwanza ya mwaka 1853 imevaa nguo mpya.

Na king'ora chenyewe je? Kiwe na betri yake ndani. Huku ndivyo vinavyofungwa juu ya kuta za nje: kinapokea umeme kutoka ndani ya nyumba, na siku umeme huo ukikatwa kinaanza kulia chenyewe. Kina pia swichi ndogo nyuma ya mfuniko, ukigusa bisibisi kufungua kinapiga kelele. Kisanduku kikuu kisikae sebuleni karibu na mlango ambako mwizi atakipiga nyundo katika zile sekunde 30 anazopewa mwenye nyumba kuingiza namba. Mlangoni pakae vitufe vya namba tu. Ubongo ufichwe chumbani kwa mama, ndani ya kabati.

Kaka mkubwa ameshaniuliza: huoni kwamba unawafundisha wezi? Hoja hiyo ni ya zamani. Mwaka 1818 Jeremiah Chubb wa hapa Uingereza alitengeneza kufuli ambalo ukilichokonoa kwa ufunguo usio wake linajifunga kabisa, na mwenyewe akija anajua kuna mtu alijaribu. Lilisifiwa kuwa halifunguki. Mwaka 1851, wakati wa yale Maonyesho Makubwa ya London, akaja Mmarekani aitwaye Alfred Charles Hobbs, akalifungua mbele ya mashahidi. Ukazuka ugomvi mkubwa, watu wakasema amewaonyesha wezi njia. Mimi niko upande wa Hobbs. Mwizi ana muda, ana marafiki wa kazi, ameshayajua haya kabla yangu. Asiyejua ni mama anayeuziwa kisanduku.

Ulaya wenyewe wana kiwango kinachoitwa EN 50131, na ninachokipenda ni kwamba kinapanga alamu katika ngazi 1 hadi 4 kwa kumtazama mwizi: je, unamtarajia asiyejua kitu, au mwenye ujuzi na vifaa? Kuanzia ngazi ya 3, kihisi cha kuhisi mwendo lazima kitambue pale mtu anapokiziba macho. Hilo si mchezo. Mwezi Februari 2003, kule Antwerp, Ubelgiji, wezi waliingia kwenye hifadhi ya almasi wakaondoka na mali inayokadiriwa kuzidi dola milioni 100. Kwa maelezo yaliyochapishwa baadaye, kihisi cha ndani kilikuwa kimepuliziwa dawa ya nywele, ile ya saluni. Kihisi kilibaki palepale ukutani, ila kilikuwa kipofu. Na aliyehukumiwa kama kiongozi wao, Mwitaliano Leonardo Notarbartolo, alikuwa mpangaji mwenye ofisi ndani ya jengo hilohilo! Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana nasisitiza kila mtu wa nyumba ya mama awe na namba yake ya siri, na msichana wa kazi au mlinzi akiondoka, namba yake ifutwe siku ileile. Na ile namba ya kiwandani, 1234 na ndugu zake, ibadilishwe kabla fundi hajamaliza chai.

Lakini nisiwadanganye, waya na rezista vina mwisho wake. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu mwaka 2015, wazee fulani waliingia kwenye hifadhi ya masanduku ya vito pale Hatton Garden, London. Walikata waya wa simu wa alamu na kuvunja antena yake. Pamoja na hayo, ujumbe ulitoka! Alamu ilifanya kazi yake. Kampuni inayosimamia ikawaarifu polisi, polisi wakaipa taarifa daraja la "hakuna haja ya kwenda", jambo walilolikubali hadharani baadaye. Mlinzi alifika, akatazama kwa nje, akaona pametulia, akaondoka. Wezi wakatoboa ukuta wa zege wa nusu mita, wakarudi tena Jumamosi usiku kumalizia. Hasara ilitajwa kuwa karibu pauni milioni 14.

Hapo ndipo penye neno langu kubwa la leo. Waya wa mwisho wa alamu yoyote ni mtu anayeamka, na waya huo nao unachokonolewa. Njia rahisi kuliko zote ni kuifanya alamu ilie ovyo. Mtikise mlango leo saa saba, kesho saa tisa, keshokutwa tena, hadi mama achoke aizime mwenyewe. Hapa polisi wenyewe wanachoka: alamu ikiwaita bure mara 3 ndani ya miezi 12, wanaacha kuja. Sasa nyumbani, umeme ukikatika mara kwa mara na betri imechoka, kitu kikalia kila umeme unaporudi, majirani watazima masikio kabla ya mwezi kuisha.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili, na mchango wangu nautoa kwa masharti haya. Vihisi vitatu vya waya, si sita visivyo na waya: mlango wa mbele, mlango wa uani, na ukumbi. Rezista mwisho wa waya. Kisanduku chumbani. King'ora chenye betri yake, juu, pasipofikika bila ngazi. Betri kubwa kwenye kisanduku. Kiwango cha Ulaya kinadai saa 12 bila umeme kwa ngazi mbili za chini, sisi tuweke ya kufika siku nzima. Mara moja kwa mwezi binamu azime umeme, afungue mfuniko wa king'ora, ahakikishe kinalia. Alamu isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Na sharti la mwisho halihitaji fundi. Mama akae na Mzee wa nyumba ya pili na yule Bi wa mkabala, wakubaliane: kikilia usiku, nani anawasha taa, nani anapiga simu, nani anapiga yowe. Wapeane zamu kama wanavyopeana kwenye misiba. Mama akisafiri, waambiwe. Hilo halina bei, na bila hilo king'ora hata kingesikika hadi Pemba hakitamleta mtu.

Najua kuna atakayesema, "Wewe uko Ulaya, huku fedha hakuna." Nakubali, fedha ni ngumu. Lakini kitu rahisi kinachomlaza mama akiwa na imani ya uongo ni ghali kuliko kutokuwa na kitu, maana asiye na kitu angalau anafunga komeo na kulala kwa tahadhari.

Mwenye hoja ya kupinga aniandikie, nitajibu. Kaka, nasubiri unitumie picha ya mlango wa uani ili nihesabu waya. Shikamooni wakubwa, wadogo nawabusu. Tuonane panapo majaliwa.