Hakuna “Fedha za Mama”

Makamanda, tuanze na redio. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Unyambwa, jioni tunapepeta alizeti na bibi, redio iko pembeni. Taarifa ya habari ikaanza: Rais atoa fedha za maji, Rais atoa fedha za madarasa, Rais atoa fedha za kituo cha afya. Habari tatu mfululizo, kitenzi kile kile. Bibi akatikisa kichwa: “Mama ana huruma kweli, mjukuu wangu. Hela zake zote anatupa sisi.”

Bibi simlaumu, ameamini alichosomewa. Namlaumu aliyeiandika ile habari, maana huyo amekwenda shule na anajua ukweli.

Ukweli wenyewe uko kwenye Katiba, wala haujafichwa. Ibara ya 135 inaanzisha Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali. Ibara ya 136 inasema fedha haitoki humo mpaka Katiba yenyewe iruhusu, au sheria iliyotungwa na Bunge. Rais hana kibubu Ikulu. Fedha ya kisima imepangwa kwenye bajeti, imepigiwa kura Dodoma, na imetoka kwenye kodi. Bibi amelipa kwenye sabuni na sukari. Julai 2021 tozo za miamala ya simu zilipoanza, baba mdogo akituma hela kutoka Dar anakatwa, bibi akienda kutoa anakatwa tena. (Waziri wa Fedha alikuwa Mwigulu Nchemba, wa hapa hapa Iramba.) Sasa hela hiyo hiyo imerudi kijijini ikiwa na jina la mtu mwingine, na bibi anaambiwa ashukuru.

Mtu aliyepewa zawadi haulizi. Ukipewa khanga na shemeji yako huombi risiti. Hapo ndipo habari za aina hii zinapotuumiza: kisima kikijengwa chini ya kiwango, nani atasimama kumuuliza diwani?

Ukishaligundua hili, soma gazeti ukiwa na kalamu mkononi. Waziri “amebainisha”, “amefafanua”, “amesisitiza”. Mpinzani “amedai”, “amelalamika”, “ameibua madai”. Wote wawili wamefungua mdomo wakasema, basi. Darasani kwetu mdai ni mtu wa heshima tu, kesi yake inasikilizwa. Kwenye gazeti ukishaandikwa umedai, umeshahukumiwa.

Wengi wetu tunamalizia hapo kwa kusema “uchawa tu”. Hapana, jamani. Chawa wapo, na wale wa bahasha wapo, lakini mwandishi mzuri naye anaandika hivyo kwa sababu ameona wenzake yaliyowakuta. Mseto lilifungiwa 2016. Mawio na MwanaHalisi wakafuata 2017. Tanzania Daima wakafutiwa leseni Juni 2020, miezi minne kabla ya uchaguzi. Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema 2018 kwamba kufungia Mseto kulivunja Mkataba wa Jumuiya, na Machi 2019 ikasema vifungu vingi vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 navyo vinauvunja. Magazeti yale manne yalisubiri hadi Februari 2022, Waziri Nape Nnauye alipoyarudishia leseni. Ukiwa mhariri mwenye watu wa kuwalipa mshahara, miaka hiyo inakufundisha kuandika “atoa”.

Halafu kuna matangazo. Sheria ile ile, kifungu cha 5, ilimpa Mkurugenzi wa Idara ya Habari kazi ya kuratibu matangazo ya Serikali. Kipengele hicho kimeondolewa kwa marekebisho ya 2023, sawa, lakini mteja mkubwa wa matangazo bado ni yule yule.

Na gazeti la Uhuru je? Mimi sina ugomvi nalo. Ni gazeti la CCM, linajulikana ni la CCM, liwasifu watu wake litakavyo. (Hata hivyo, Agosti 2021 nalo lilisimamishwa siku 14, kwa kuandika kwamba Rais Samia hana nia ya kugombea 2025.) Ugomvi wangu ni na HabariLeo, Daily News na TBC, vyombo vya umma. Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, Sura ya 343, tuliyokwenda nayo hadi 2020, kifungu cha 53 kilitaka magazeti ya Serikali yasimbague mgombea yeyote, wala katika uandishi wala katika nafasi anayopewa. Nafasi hupimwa kwa rula. Kwa nini vijana wa chama hatukukaa chini na rula, kata kwa kata, tukapeleka malalamiko yenye namba? Tulikuwa tunapiga kelele mtandaoni.

Na tukiwa huko mtandaoni, tuseme na letu. Kila mkutano wetu ni “mafuriko”. Picha ya 2015 inarudishwa kama ya jana. Mtu akihama kutoka CCM kuja kwetu ameona mwanga, akihama kwetu kwenda CCM amenunuliwa. Nimeyaandika hayo mimi mwenyewe, msinitumie skrinishoti. Mwandishi wa redio akiniuliza tofauti yangu na yeye ni nini, leo sina jibu la kumpa.

Bibi nilimweleza yote ya Hazina, kwa Kinyaturu, ikachukua muda. Akanyamaza akiendelea kupepeta. Kisha akauliza: “Kama hela ni zangu, mbona lile bomba halitoi maji tangu kabla ya mavuno?” Nikamwambia akaulize hivyo hivyo kwenye mkutano wa wananchi. Akasema ataenda, ila niwepo.