Picha Zisizo na Majina: Ufundishaji wa Sanaa kwa Hazina za Dijitali

Kwa miaka mingi, mhadhiri wa historia ya sanaa alitegemea slaidi zilizomulikwa ukutani. Kampuni ya Kodak ilipoacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004, enzi hiyo ilikuwa tayari inatokomea. Nafasi yake imechukuliwa na hazina za picha za dijitali. Mwaka 2017, Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, liliruhusu picha zaidi ya 375,000 zitumiwe na yeyote bila malipo. Hapa kwetu, shirika la TARA la Nairobi limekusanya picha za michoro ya miambani barani Afrika, na takriban 25,000 kati yake zimeorodheshwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza.

Manufaa ya hazina hizi ni bayana. Mwanafunzi aliyeko Eldoret au Maseno anaweza kuulinganisha mlango wa Lamu na wa Unguja, nakshi kwa nakshi, bila kupanda basi. Hata hivyo, picha ni kivuli cha kitu, wala si kitu chenyewe. Siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, ina urefu unaozidi mita 2. Kwenye skrini huweza kudhaniwa kuwa filimbi.

Kasoro kubwa zaidi imo katika maelezo. Picha katika hazina hutafutwa kwa maneno iliyoorodheshwa nayo, na maneno hayo aghalabu ni ya Kiingereza. Anayetafuta "kidaka" au "mfaa" huenda akatoka mikono mitupu ilhali picha zenyewe zimo. Kazi ya fundi wa Lamu huhifadhiwa, lakini jina aliloipa huachwa nje.

Wapo wanaodai kuwa hilo ni jukumu la wanahistoria wa sanaa, si la Idara za Kiswahili. Dai hili halina mashiko. Msomaji wa Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hukutana na madaka ya majumba ya Pate, ambamo zamani vilipangwa vyombo vya kauri. Asiyewahi kuona ukuta wa zidaka, uliopambwa kwa chokaa safu juu ya safu, hulikariri neno hilo kwa ajili ya mtihani tu, wala hatambui ukubwa wa fahari inayoombolezwa.

Kwa hivyo, mhadhiri aambatanishe kila picha na vipimo vya kitu chenyewe. Aidha, wanafunzi wa Kiswahili wapewe kazi ya kuandika maelezo ya picha hizo kwa Kiswahili, wakiwauliza majina mafundi wa mwambao. Maelezo hayo yakabidhiwe maktaba za vyuo na wenye hazina. Kazi hii haifai kuahirishwa: picha zinaweza kusubiri, lakini wazee wanaoyajua majina hayo hawana muda huo.